Tope Lisilopumua: Mabomba Manne Mafia

Mmeniuliza mara tatu kwenye kundi letu, "Atu, Mafia vipi?" nami nikawajibu "nzuri" na kile kipicha cha mnazi. Nisameheni. Nilirudi nimeshtuka, na mshtuko haujanitoka mpaka leo, ndiyo maana nimeona heri niandike yote kwa mpigo kuliko kumsimulia kila mmoja wenu vipande vipande. Habari za tiketi na vibali nimeziruka. Zilinichosha mara ya kwanza na sitaki zinichoshe tena.

Mbagala hadi Nyamisati

Kwanza mjue nilibeba nini. Nilibeba mabomba manne ya plastiki, maangavu kama glasi, kila moja linanifika kifuani, nimeyafunga ndani ya shuka mbili. Nilikuwa naenda kuyajaza tope.

Najua mnacheka. Kaka yangu alicheka hadi akakaa chini. Lakini mwaka wangu wa sita chuoni ulikuwa unayoyoma, na bila tope hilo nisingemaliza. Kazi yangu, kwa mliosahau, ni kusoma jiwe jeusi lililochimbwa kusini, ambalo zamani sana, enzi za mijusi mikubwa, lilikuwa tope la sakafu ya bahari. Ndani yake kuna metali kidogo mno iitwayo molibdeni. Metali hiyo ina isotopu, yaani chembe za ukoo mmoja zilizopishana uzito tu, hii nzito kidogo, ile nyepesi. Bahari ikiwa na oksijeni ya kutosha, nyingi ya zile nyepesi hunaswa na ukoko mweusi unaoota sakafuni. Oksijeni ikikatika, ukoko hauoti, nzito na nyepesi huzama topeni pamoja, na uwiano wake hubadilika. Ukiupima uwiano huo kwenye jiwe, unajua kama bahari ile ilikuwa inapumua au ilikuwa imekabwa koo.

Shida ni kwamba jiwe halisemi peke yake. Linataka tope la leo la kulinganishia, kutoka mahali ambapo maji ya chini hayana hewa. Profesa wangu aliniambia bila kupepesa macho, "Atupele, lete tope au funga daftari." Mashine ya kupimia iko ng'ambo, nilikuwa nimepewa siku zangu na hazikuwa za kuongezwa. Chuo nacho kilikuwa kimeniongezea muda kwa mara ya mwisho. Ndivyo nilivyopanda basi la Nyamisati nimekumbatia mabomba kama mama mwenye watoto wanne.

Nilifika bandarini saa nne asubuhi. Boti ilikuwepo, ila maji hayakuwepo. Nawaambieni ukweli, nilisimama pale mdomo wazi. Boti kubwa nzima imekaa juu ya matope na kaa wanapita chini yake. Nimezaliwa Tukuyu mimi, na kwetu maji yakiwa ziwani yanabaki ziwani.

"Mama, maji yameenda wapi?" nilimuuliza muuza chapati.

"Yameenda kwao," alinijibu huku anageuza chapati. "Yatarudi saa tisa. Kaa ule."

Nikakaa nikala. Chapati tatu na kamba wa kukaanga, tena bado wa moto. Maji yalirudi saa tisa kasorobo.

Nyamisati hadi Kilindoni

Kwenye boti bwana mmoja alitaka kulaza mabati yake juu ya mzigo wangu. Nilipiga kelele mpaka nahodha akaja. Metali ndiyo adui yangu: kikwaruzo kimoja cha bati ndani ya bomba na mashine itapima bati la watu, siyo bahari. Nilijaribu kueleza hayo, na abiria wote wakanisikiliza kwa heshima kubwa, kisha bibi aliyekaa jirani yangu, mwenyeji wa Miburani, akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo, mwanangu, bomba letu la Miburani utakuja kulitengeneza lini?"

"Shikamoo bibi, mimi si fundi bomba."

"Marahaba. Na hayo?"

"Haya ni ya tope."

"Ndiyo, na letu limeziba tope."

Tulipotoka kwenye mikoko na kuingia maji makubwa nilianza kutapika, na bibi yule yule ndiye aliyenishika kichwa na kunilambisha ndimu na chumvi hadi tukafika. Gatini Kilindoni alinishika mkono, akanitambulisha kwa shemeji yake kuwa ndimi fundi aliyetumwa na serikali. Niliondoka pale nusu nakimbia, na aibu tele, maana alikuwa amenihudumia kama mama yangu mzazi.

Kilindoni hadi Juani

Bajaji hadi Utende, kisha mtumbwi hadi kisiwa cha Juani, nikapokewa na Bi Mgeni, mkulima wa mwani, mjane wa makamo mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Nilikuwa nimeunganishwa naye na mwalimu mmoja niliyesoma naye. Alinipikia wali wa nazi na pweza, akakaa mbele yangu kuhakikisha sahani inaisha.

Chakula kilikuwa tele. Mtu wa kunipeleka majini ndiye aliyekosekana. Siku mbili nzima kila niliyemwomba alikuwa na mashine ya boti mbovu, au mgonjwa nyumbani, au vyote viwili. Mwishowe Bi Mgeni alinipasulia ukweli.

"Mwanangu, watu wanasema umekuja kupima mpaka mpya wa hifadhi. Tangu bahari ifanywe hifadhi, kila anayekuja na vifaa, baada yake kuna mahali hapavuliwi tena. Hawakuchukii. Wanakuogopa."

Mimi, kuogopwa! Nilishtuka kweli. Nilijiona mwanafunzi masikini mwenye kandambili, kumbe kijijini napita kama askari.

Jioni ile alimwita mdogo wake, Shaweji, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, asiyecheka upesi. Ukoo wao ni wa mafundi wa vyombo vya baharini, na yeye huvua pia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kizingiti.

"Unatafuta nini hasa, dada?"

"Tope. Mahali penye kina, maji yaliyotulia, yasiyopitiwa na mkondo. Tope liwe jeusi, linanuka yai viza. Pasiwe na pumzi chini."

"La nini?"

"Nijue kama bahari ya zamani ilikuwa inapumua."

"Na ya sasa?"

"Ya sasa ni ya kulinganishia tu, kaka."

"Mahali unapopataja napajua," alisema. "Kesho maji yakijaa."

Kimyani

Asubuhi niligeuka mkaguzi. Nilimvua Shaweji saa, pete, funguo, hadi mkanda wa suruali kwa sababu ya kifungo chake. Nanga ya chuma ya boti yake ilibaki nyumbani, tukachukua jiwe lililofungwa kamba. Uzito wa kushushia mabomba ulikuwa mifuko ya mchanga.

"Suruali ikinivuka mbele ya watu," alisema akiishika kiunoni, "utawaeleza wewe kwamba ni elimu."

Mahali penyewe panaitwa Kimyani. Ni shimo kati ya mikoko na mwamba, kina chake kama minazi miwili, na maji juu yake hayatikisiki hata upepo ukivuma. Nilishusha bomba la kwanza. Lilipopanda, nilitaka kulia kwa furaha: tope jeusi tii, linang'aa, na harufu ya yai viza ikatuingia puani hadi machozi. Nikaziba ncha zote mbili haraka hewa isiingie. La pili likawa zuri kuliko la kwanza. Nilimwambia Shaweji kwamba yeye ndiye daktari wa kweli na mimi natafuta jina tu. Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

Bomba la tatu lilipanda na kitu ndani. Kilikuwa kimejibana ubavuni, nakiona waziwazi nyuma ya plastiki: msumari. Mrefu kama kiganja, mraba, kichwa chake kipana, kutu imetapakaa topeni kuuzunguka kama damu.

Nilipiga ukelele. Baada ya saa, pete, mkanda na nanga, msumari!

"Umetoka wapi huu?" nilimgeukia. "Kaka Shaweji, umetoka wapi?"

Uso wake ulikuwa umepauka kuliko wangu. Alizima mashine, akakaa juu ya mbao, akauangalia msumari ule bila kuugusa.

"Huu ni wa Tawakali," alisema. "Chombo cha baba. Niliutia mwenyewe hapa."

Ndipo nikasikia ambalo hakuna kitabu kingeniambia. Katika ukoo wao chombo kikichoka huvunjwa, mbao zikawa kuni za jikoni. Misumari lakini haipigiliwi kwenye chombo kingine, wala haiuzwi kwa watu wa chuma chakavu. Msumari uliokwisha kukishika chombo mpaka mwisho umeshaijua njia ya kufa, wanasema, na ukiutia kwenye chombo kipya utakifundisha. Kwa hiyo hupelekwa Kimyani, yote, hadi ule wa mwisho. Babu zao walikuwa wamepachagua hapo kwa sababu ileile niliyompa mimi kizingitini. Hakuna mkondo, kitu kikishuka hakirudi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema tope. Tope lipo. Sikujua bomba lako linafika ilipo misumari."

Chini yetu kulikuwa na vizazi vya misumari vikioza, chuma kikinywa kila tone la oksijeni na kuvuruga kila hesabu. Mabomba yangu mawili mazuri yalikuwa mazuri ya uongo.

Palepale Kimyani

Mngedhani hapo ningeyamwaga mwenyewe. Wapi! Mtu anayezama hushika hata jani. Nikaanza kujishawishi kwamba la kwanza na la pili huenda hayakugusa chuma, kwamba profesa hatajua, kwamba bora tope la wasiwasi kuliko daftari lililofungwa. Nikaliweka la tatu pembeni, nikayakumbatia yale mawili.

"Turudi, kaka."

"Turudishe kwanza," Shaweji alisema.

"Hili la msumari, sawa."

"Yote. Huwezi kujua kutu ya nani imo humo."

"Nina kibali!" Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda.

"Kibali cha tope unacho. Cha misumari kakupa nani?"

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia habari za miaka sita. Nilimtajia ushirikina, mimi niliyekula wali wa dada yake siku tatu. Hakunyanyua sauti wala mashine hakuiwasha. Alitoa muhogo wa kuchemsha kwenye kifuko, akakata, akaniwekea kipande mbele yangu, akala chake akitazama mikoko. Jua lilikuwa kali. Nilikaa na mabomba yangu mapajani hadi mikono ikafa ganzi, na polepole nikaanza kuona haya. Yeye alikuwa na kaburi la vyombo vya baba na babu yake chini ya miguu yetu, mimi nilikuwa na tope ambalo nilijua halifai.

Nikafungua ncha. Nikamwaga la kwanza, nikamwaga la pili, na lile jeusi likatandaza wingu kwenye maji ya kijani. La tatu alinizuia kidogo.

"Aliyeupandisha ndiye huushusha. Na umtaje Mungu."

"Mimi ni Mkristo, kaka."

"Sema mnavyosema kwenu."

Niliutoa msumari kwa vidole, bila glavu, baridi yake nikaihisi hadi kiwikoni. Nikasema, "Kwa jina la Baba," nikauachia. Haukutoa hata kipovu. Kisha nililia sana, kilio cha kukwama pua, na Shaweji akaniacha nilie.

Bomba la nne

Mabomba yaliyokwisha kutumika husafishwa kwa tindikali, wiki nzima, na tindikali ilikuwa Dar. Boti ya kurudi ilikuwa kesho yake.

"Umebakiwa na mangapi?" Shaweji aliuliza.

"Moja."

Alifikiri. Aliwasha mashine, hakuelekeza nyumbani. Tulizunguka ncha ya kisiwa hadi kwenye kibonde cha maji tulivu, kina chake si zaidi ya mnazi mmoja, na kando yake miti ya uzio wa kutegea samaki imesimama, mingine imeanguka.

"Hapa hakuna misumari," alisema. "Hapa hakuna kitu."

"Ni uzio wa nani?"

"Wangu."

Ningeuliza zaidi, lakini nilikuwa nimeshalishika bomba. Lilishuka, likapanda, na ndani yake tope lilikuwa safi kabisa: chini kijivu chenye vigamba vya chaza, juu jeusi, harufu ile ile. Nililiziba ncha zote mbili. Shaweji hakutazama bomba. Alinitazama mimi usoni, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, nami nikamshika mkono kwa nguvu na kumwambia asante mara kumi.

Bi Mgeni alinifungia visheti vya njiani na kilo mbili za dagaa. Alikuwa ameambiwa yote ya Kimyani. Aliniambia tu nirudi nikiwa nimenenepa.

Kilindoni hadi Dar, na baada ya hapo

Kurudi sikutapika. Nilikaa sakafuni mwa boti na bomba wima katikati ya magoti saa zote, na mtu aliyeniuliza kama ni la kusukuma maji nilimjibu ndiyo. Nilifika maabara nikakata tope vipande, nikavitia kwenye vichupa, vikaondoka ng'ambo siku moja kabla ya siku zangu kwisha.

Majibu yalipokuja, profesa alinipigia akicheka, jambo ambalo sikujua analiweza. Sehemu ya chini ya bomba, ile ya kijivu, ilikuwa na uwiano wa maji yanayopumua vizuri. Vidole vichache vya juu vilikuwa vimegeuka kabisa, vikafanana na jiwe langu jeusi la kusini. Kwa kazi yetu hiyo ni lulu. Bomba moja, bahari mbili, na mlango wa kutoka hii kwenda ile unaonekana. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu ilikuwa imepona. Nilicheza kwenye korido ya idara, na mlinzi ni shahidi.

Niliporudi mezani nilitazama tena mchoro. Kwenye bomba la tope, chini ni zamani na juu ni sasa. Kule juu palipogeuka si enzi za mijusi. Ni mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi. Ni uzio wa Shaweji. Nilihisi kama mtu aliyeshangilia cheti cha mgonjwa kwa sababu kimeandikwa vizuri. Nilishtuka mpaka nikakaa.

Nikampigia. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, chembe nzito na nyepesi, chini na juu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo pumzi imekatika kweli," alisema. Alisema kama mtu aliyetua mzigo. "Pale nilikuwa nategea na baba. Changu, tasi, samaki mpaka tunagawa. Misimu miwili hii natoa kaa waliokufa. Hapa wanasema ni laana, wengine wanasema nimesahau kutega. Wamekuja watu na madaftari, wanaandika, wanaondoka. Ndipo ukaja wewe, unatafuta maji yasiyo na pumzi. Mwanzoni sikukupeleka kwenye uzio wangu, maana nilikuwa sikujui. Uliporudisha misumari nikakujua."

Niliusogeza mchoro mbele yangu.

"Sasa niambie, dada. Ikikatika hivi hurudi lini? Niung'oe uzio nihame, au ningoje?"

Katika jiwe langu najua hewa ilirudi lini: baada ya maelfu kwa maelfu ya miaka. Najua pia kwamba kibonde si bahari nzima, kwamba masika moja nzuri yaweza kukisafisha, au kisisafike yeye akiwa hai. Ningeweza kumwambia hayo yote. Ningeweza kusema neno moja dogo, sijui. Mimi ninayesoma bahari ya mijusi, sikuwa na jibu la bahari ya msimu ujao, na mtu huyu alikuwa ameniletea swali lake kwa imani yote.

"Kaka Shaweji," nikasema, "simu inakatakata. Nitakupigia."

Simu ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Kabla sijakata, nilimsikia Bi Mgeni nyuma yake akimuuliza, "Kasemaje?"